Kikao cha Dharura Kuhusu Majibu Yanayopita Ukutani, Darasa la Sita B

KAMATI YA WAZAZI NA WALIMU

Tarehe: Jumatano, 12 Machi, saa 9:00 alasiri
Mahali: Stoo ya vitabu (ofisi inatumika kama Darasa la Pili)
Waliohudhuria: Mwenyekiti (postamasta mstaafu), Mwalimu wa Sita B, Mama Pacha (mzazi), Katibu
Mwalikwa: Fundi Cheche, mchomelea vyuma wa karakana iliyo nyuma ya Sita B
Hakuhudhuria: Mjumbe kinyozi, aliyetuma udhuru kuwa ni mgonjwa. Wajumbe wawili walipita dukani kwake, wakamkuta akinyoa, wakamwombea afya njema.

KUMB. NA. 1/12: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa ufupi. Ombi hilo lilichukua dakika kumi na mbili.

KUMB. NA. 2/12: KELELE ZA KARAKANA
Mama Pacha alikumbusha kwamba kamati ilikwisha kubali kuiomba manispaa iiondoe karakana. Watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na bado hawamsikii mwalimu. Aliuliza barua imekwama wapi. Katibu alijibu kwamba inasubiri sahihi tu, wala haikukwama kwake.

Mwalimu alisema kelele zilikwisha tangu Januari. Tatizo sasa ni ukimya. Akiuliza swali, mashine inazimwa, kisha jibu linaingia kupitia matundu ya hewa.

Mwenyekiti aliomba ufafanuzi. Mwalimu alieleza kwamba katika jaribio la hesabu, wanafunzi sitini na mmoja waliandika kuwa ½ + ⅓ ni 2/5. "Kosa la mtoto mmoja ni lake. La watoto sitini na mmoja lina mwenyewe," alisema, akimtazama Fundi. Aliongeza kuwa kwenye jiografia majibu ya ukutani huwa sahihi, jambo linalomuudhi zaidi.

KUMB. NA. 3/12: MAELEZO YA FUNDI
Fundi alikiri. "Mwalimu, nisamehe. Wakinyamaza wale, mdomo unaniwasha."

Mama Pacha aliuliza baba mzima wa miaka thelathini na minane anatafuta nini kwenye masomo ya watoto. Fundi alieleza kwamba alipokuwa darasa la tatu, katika shule nyingine ya mjini, madawati yalijaa. Aliambiwa akae nyumbani kwanza, nafasi ikipatikana ataitwa.

"Sijaitwa bado, mama," alisema.

Mama Pacha aliondoa swali lake. Katibu hakumbuki jambo hilo kutokea katika kikao chochote.

Fundi alisema barua ikienda atahama, vyuma vinabebeka. Aliomba tu asubiriwe mpaka Sita B wamalize hesabu za sehemu, maana ndizo zinazomshinda, na huko aendako hajui kama kutakuwa na darasa la kusikiliza.

Mwalimu alisema hatakubali mtu akae nyuma ya ukuta akiwapotosha wanafunzi wake. Wajumbe walidhani mambo yamekwisha, na Mwenyekiti alikwisha shika kalamu kutia sahihi barua. Mwalimu akaendelea kwamba anayetaka kujibu huinua mkono, na mkono haupiti kwenye tundu. Basi aje darasani Jumatatu na Ijumaa, watoto wakishatoka. Waanze sehemu upya.

Azimio: Barua isitumwe. Wakati wa vipindi mashine inyamaze, na mwenye mashine naye anyamaze. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuunga mkono, huku akitafuta leso.

KUMB. NA. 4/12: KUANDIKISHWA
Mwalimu alifungua daftari la wanafunzi palepale, akamwuliza Fundi jina lake kamili, kwani sote tunamjua kwa cheche zake. Alilitaja polepole, mara mbili, lisije likakosewa.

Ilipofikiwa nafasi ya mzazi au mlezi, Fundi alisema wazazi wote wawili wameshatangulia, paachwe wazi. Mwalimu alisema daftari lake haliachwi wazi. Akaandika jina lake mwenyewe.

KUMB. NA. 5/12: MENGINEYO
Hapakuwa na mwenye neno, hata Mwenyekiti. Watu waliondoka saa 10:35.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................