Vitenzi 412 na Mgeni Mwenye Mvi

Dada Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nimepoteza usemaji wa kikundi chetu cha parachichi hapa Madaba, Jumanne ya wiki jana, jioni, mbele ya wanachama thelathini na wanane, na aliyeuchukua ni Wilfred, katibu wetu, ambaye Kiingereza chake chote hakifiki maneno sitini, nimeyahesabu.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilianza na miche sita, leo nina miti mia moja na arobaini, na niliposikia mnunuzi wa nje anakuja nikajifungia na kamusi miezi tisa, nikaandika vitenzi 412 kwenye daftari, hata vile vinavyofuatwa na vijineno, maana "look" ni kutazama lakini "look after" ni kutunza, "put" ni kuweka lakini "put off" ni kuahirisha, na "get" peke yake imekula kurasa tatu, ni kupata, ni kufika, ni kuwa, na mpaka leo najiuliza kwa nini wakamtwisha mmoja mizigo yote hiyo. Hakuna aliyejua najifunza, hata mume wangu Gaspari.

Siku ikafika, akashuka garini mzee mwenye mvi kichwa kizima, umri wa baba yangu, mpokeaji ni mimi, na mdomo ukagoma, kwa sababu katika vitenzi vyote 412 sikuwa na shikamoo. Mzee yule nimwambie "hello" kama rika langu? Nikabaki nimekunja goti, natafuta. Wilfred akanipita, akasema, "Hello, come in, sit down," mzee akacheka, wakaingia. Jioni kikundi kikampa usemaji. Akaniambia, "Mama, wewe tuhesabie kreti tu."

Mgeni anarudi Jumamosi na mkataba. Nijitoe kwenye kikundi au nisijitoe? Sitaki kubembelezwa. Nataka jibu moja, kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Lidwina, Madaba

Mama Lidwina,

Usijitoe. Pole kwa aibu uliyoipata, lakini nyingine umejitafutia. Miezi tisa umejifunza kuongea bila kuongea na mtu. "Get" iondoe kwenye kurasa zake uitie kwenye kazi: "get water" ukiwa na ndoo, "get home" ukiwa njiani, "get tired" ukiwa umechoka kweli. Baada ya wiki hutauliza tena ipi ni ipi.

Shikamoo usiitafute, hawana. Wana "good morning", na heshima wanaiweka kwenye sauti. Yule mzee hakukasirishwa na "hello", umeandika mwenyewe kwamba alicheka. Uliponyamaza ndipo huenda alidhani humtaki.

Kesho asubuhi mfuate Wilfred, umwoneshe daftari. Yeye ana maneno sitini na hana haya. Wewe una 412 na haya tele. Semeshaneni mkichuma, kwa sauti, wenzenu wacheke, wakichoka waache. Maana mkataba hauna "sit down". Una "pay back" ya kurudisha pesa, una "turn down" ya kukataa mzigo, una hiyo "put off" yako, na Wilfred ataitikia kila kitu kwa tabasamu, mtaumia wote thelathini na wanane.

Jumamosi yeye apokee mgeni, wewe ukae karibu naye na karatasi ya mkataba mkononi. Ukifika kwenye kitenzi usichokielewa, simamisha kikao, uliza, "What does this mean?" Na asisaini mtu yeyote mpaka wewe uridhike.