Jalada la Kustaafu Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Zimebaki siku kumi na moja nistaafu. Miaka thelathini na moja nipo masjala, nawatafutia watu majalada yao — leo nimefungua langu! Kichwa: KUSTAAFU. Ukurasa wa kwanza ni maneno ya dereva wetu aliyestaafu mwaka jana. Nisithubutu kushinda nyumbani, eti kufikia Jumatano mke atakuwa amenichoka. Nimegonga mhuri: LIMEPOKELEWA.

Jumatano, 5 Juni
Kinyozi: nifuge kuku. Simu, nayo nimeiuliza: ninywe maji mengi, nitembee. Dada yangu: niache kuuliza uliza, nifuge kuku. Yote nimeyapa namba.

Ijumaa, 7 Juni
Kurasa kumi na nne! Nikamwonyesha karani mwenzangu, kichwa kimenivimba. Akafunua, akafunua. Akauliza: mbona maoni ya shemeji hayamo? Halafu akanikumbusha kanuni niliyomfundisha mwenyewe: jalada halifungwi kabla mhusika hajatoa maoni.

Mke wangu ni fundi wa nguo, anashonea sebuleni. Huko nyumbani ninakokwenda kupumzika ni kazini kwake! Na mimi sijamwambia kitu.

Jumapili, 9 Juni
Kumwuliza kwa mdomo nimeshindwa. Naogopa, basi. Je, akisema dereva alikuwa sahihi? Nimeandika dokezo, "Kwako, kwa maoni," nikaliweka jalada juu ya cherehani, nikakimbilia bafuni. Nimeoga mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni
Limerudi! Kwa chaki ya kuchorea nguo, juu kabisa ya mhuri wangu: "Nimeona. Kuku hapana. Kiti cha dirishani ni cha wateja. Umeuliza mpaka simu, na mimi nipo hatua tatu."

Aibu niliyoiona, sina pa kuiweka.

Jumanne, 11 Juni
Nimetoka kazini mapema, nikakaa kiti cha wateja kama mteja. Nikauliza kwa mdomo wangu: mke wangu, kuanzia Jumatatu nikae wapi? Unanitaka humu?

Cherehani imenyamaza. Anaivua futi shingoni, anaikunja taratibu. Naandika mbio, maana huu ndio ukurasa wa 15 wa jalada!

Anasema jibu analo, ila halisemi mpaka nifunge daftari hili ninaloandikia.

Nimemwambia aseme tu, polepole, namfuata.

Amechukua mkasi. Analijia daftari —