Kompyuta Iliyonikataa Wiki ya Baraza

Jumatatu, 4 Machi 2002

Nimefika ofisini Tengeru, tunakopima maji ya mifereji, kabla wauza ndizi hawajapanga bidhaa zao. Chai, kisha kompyuta. Ukurasa wa kuingilia umetokea na maneno niliyoyaweka wiki iliyopita badala ya Kiingereza: "Karibu. Tafadhali andika jina lako." Bado yananistaajabisha. Nimeandika jina, kisha neno la siri. Nimekataliwa. Nimerudia polepole, herufi kwa herufi. Nimekataliwa.

Vipimo vyote vya mfereji wa chini vimo katika mashine kuu ya kumbukumbu, chumba cha pili, na hii ndiyo kompyuta pekee inayoifikia. Alhamisi ni baraza la maji. Shamba la maua lililo juu yetu linadai kwamba pampu yake haiwapunguzii wakulima hata tone. Bila vipimo nitakwenda na maneno matupu, na mahindi ya watu yatakauka. Ninaogopa.

Jumanne, 5 Machi

Mkurugenzi wetu ameyalaumu maneno yangu ya Kiswahili. "Daktari, umeichokoza. Ilikuja na Kiingereza chake, ungeiacha nacho." Watu wakacheka; udaktari wangu ni wa shahada ya maji, si wa kompyuta. Hoja dhaifu, lakini hata hoja dhaifu hupimwa. Nimeingia kwa jina la msimamizi, ambalo hufungua kompyuta hii ila halifiki kwenye mashine kuu. Nikayafuta maneno. Ukurasa ukarudia lugha yake ya kwanza. Nikakataliwa kwa Kiingereza.

Ndipo nilipoiona tarehe pembeni: 1 Januari 1980.

Umeme ulikatika Ijumaa, ukarudi Jumapili. Ndani ya kasha la kompyuta kuna betri ndogo, upana wa kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kuhesabu wakati mashine ikiwa imezimwa. Imekufa. Nimesoma kitabu cha maelekezo hadi nikaelewa: mashine mbili haziaminiani mpaka zikubaliane ni wakati gani. Si jina langu lililokataliwa. Ni wakati ambao jina lilitajwa. Nimeisoma tena sentensi hiyo, polepole, kama mtu aliye kanisani.

Jumatano, 6 Machi

Betri imepatikana mjini, kwa muuza saa. Nimeipachika. Saa yangu nimeisahau nyumbani, Sekei. Mzee Kaaya, mpimaji wetu wa mfereji, alikuwa amekuja kuuliza kama kazi yake imepona. Nikamwamkia, nikamwomba saa yake. Akaivua, akaiweka mezani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tarakimu tatu, mrefu kwenye mbili. Nikaandika 3:10.

Nimekataliwa tena. Hasira. Tarehe sahihi, betri mpya, na bado.

Nikaenda chumba cha pili kuitazama saa iliyo usoni mwa mashine kuu: 9:14. Nikarudi. Kompyuta yangu: 3:14. Tofauti ya saa sita kamili, bila dakika ya ziada. Kasoro haiwi nadhifu namna hiyo.

"Saa yangu huamshwa na jua, Daktari," alisema Mzee Kaaya. "Usiku wa manane siku inamwanzia nani? Mwizi?"

Maisha yangu yote nimetazama mshale kwenye tisa na kutamka tatu, bila kuhisi mruko wowote. Siku ni moja; watu wameishika kwa ncha mbili, na ulimi wangu umekuwa ukizifunga pamoja tangu utotoni bila idhini yangu. Mashine haina ulimi huo. Nikaandika 9:16. Ukurasa ukafunguka. Vipimo vyote vimo.

Mzee alikaribia kioo, akaziona safu za tarakimu zake. "Kumbe nilitembea sana," akasema.

Alhamisi, 7 Machi

Baraza. Nimesoma vipimo hadi koo likakauka. Wakili wa shamba akauliza ni mtaalamu gani aliyepima. Mzee Kaaya akasimama na viatu vyake vya tope. Hakuulizwa swali la pili.

Uamuzi: pampu izimwe kila siku, alfajiri hadi adhuhuri. Si yote tuliyoyaomba. Inatosha kwa mahindi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshuka hadi mwisho wa mfereji, asubuhi. Mlima ulio juu yetu ulikuwa wazi wote, bila wingu. Wanawake wanne walisimama na majembe. Maji yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake.

"Daktari, vua viatu," mmoja akaniambia. "Maji haya hayana adabu."

Nilivua. Yalikuwa baridi sana. Sikupima chochote.