Jumamosi za Mke Wako

Mwanangu kitinda mimba,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya mama, hata kama leo nina hasira nawe. U mzima? Mgongo bado unakuuma kwa kukaa kwenye usukani? Sisi huku tunapumua. Baba yako uji anakunywa, ulimi bado mzito tangu kile kiharusi, lakini kunitukana anaweza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Watoto hawajambo. Goti langu ndilo limegoma.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua darasani sikuingia, herufi nilizidokoa kwenu mlipokuwa mkifanya kazi za shule jikoni. Zikipinda zisome hivyo hivyo. Haya si maneno ya kumpa mtu aniandikie, wala ya kusema kwenye simu dada yako akiwa amesimama mlangoni.

Ujumbe wako umenifikia, kwamba ukija Ijumaa usimkute mke wako humu. Eti dada yako amekuambia kila Jumamosi anatoka na mkoba, anarudi uso unang'aa, na akiulizwa anajibu neno moja la Kiingereza, selfkea. Akakufafanulia kwamba hilo ni neno la wanawake waliochoka na waume zao. Nawe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe, ukameza bila kutafuna.

Mimi sikumeza. Nilitaka kujua hilo neno linafanya kazi gani. Nikamuuliza muuza dawa pale kona, akanionyesha mafuta ya uso, akasema selfkea ndiyo hii, bibi, ukipaka unarudi kuwa msichana. Nikamwambia usichana niliutumia wote, sikubakiza. Fundi cherehani jirani yetu akasema yeye hulisikia redioni, ni mtu kujitunza mwenyewe kama anavyotunza wengine. Dada yako akacheka mpaka akashika kiuno, akauliza tangu lini mke wa mtu akajitunza mwenyewe, lazima kuna bwana anayemtunza. Nikamwambia afunge mdomo nzi wasiingie. Lakini nisikufiche, nami nilishaanza kumshuku. Mke wako alikuwa hanitazami tena machoni. Na kila alipoingia kumbadilisha baba yako nguo, mlango aliuacha wazi, akaniita nikae pale pale nimwone. Zamani hakuwa hivyo.

Jumamosi iliyopita nikamwomba fundi cherehani akae na baba yako, nikashika fimbo, nikamfuata mke wako. Goti linalia, mimi natembea. Akapita sokoni bila kununua kitu, akaingia saluni ya rafiki yake. Nami nikaingia. Msusi akanizuia, akasema bibi, leo hatusuki mvi. Nikamwambia apishe kabla sijamsuka yeye kwa fimbo. Nikavuta pazia la nyuma nikiwa tayari kumkuta mwanamume, na huyo mwanamume angejuta kuzaliwa.

Nikamkuta mke wako amelala. Peke yake, kwenye godoro lililobanwa kati ya ndoo na marundo ya taulo, viatu miguuni, mdomo wazi. Mikono yake ilikuwa inatembea usingizini, inakunja mashuka, kama anavyokunja wiki nzima kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nilipomgusa bega aliruka, na la kwanza lililomtoka ni kuuliza kama baba amejichafua.

Nikakaa chini hapo hapo. Nikamuuliza, hilo neno lako ndilo hili? Usingizi tu? Mbona basi umeuficha kama kitu cha wizi? Akalia kwanza. Halafu akaniambia, na amenipa ruhusa nikuandikie, kwani anasema bora umchukie kwa la kweli.

Kuna siku alitoka kazini, akamkuta baba yako amechafua kitanda. Akamsafisha, akatandika, hajamaliza mzee akachafua tena. Mimi nimelala na goti langu, dada yako yuko matembezini. Mke wako akachukua mto ili amwekee kichwani, akajikuta amesimama nao juu ya uso wa mzee. Akawaza jinsi nyumba itakavyotulia. Hakumgusa. Lakini alisimama pale, na baba yako alikuwa macho, anamtazama. Akautupa mto, akakimbia nje. Kesho yake akamwambia nesi mmoja kazini kwamba anaiogopa mikono yake mwenyewe. Nesi ndiye aliyempa neno hilo. Akamwambia maana yake, kwa mtu kama yeye, ni kutafuta mahali pa kulala kabla hajafanya la kujutia.

Usirukie, mwanangu. Rudia kusoma. Wewe ukiendesha kutwa nzima, kampuni inakulazimisha uegeshe lori ulale usije ukaua watu, na hakuna anayekuita mhuni. Mke wako nani alimwambia aegeshe? Si mimi. Si wewe.

Niliporudi nilimuuliza baba yako kama anaikumbuka siku ya mto. Akafumba macho kukubali. Nikamuuliza kama anataka mwanamke huyu atoke. Akapigana na ulimi wake mpaka jasho likamtoka, akasema neno moja tu: alale.

Basi Ijumaa hutamkuta. Nguo zake nimezifunga mwenyewe, nikamsindikiza mahali pasipo na mgonjwa wala shuka la mtu. Hajaachwa, na hutamwacha kwa mdomo wa dada yako. Alipo sikuambii. Kwa sasa dada yako ndiye anayemgeuza baba yako, na kicheko kimemkauka. Ukifika, zamu ni yako, likizo nzima. Siku utakayotoka chumba kile ukiiogopa mikono yako mwenyewe, njoo ukae karibu yangu uniulize tena alipo. Nitakuambia.

Watoto wanakusalimu, baba yako pia. Usiendeshe kwa hasira, nakuhitaji ufike mzima.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikikuchapa.