Bibi Shamba Uliyempokea

Newala,
mwanzo wa mvua.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi upande wa jua, maana baridi ya asubuhi ya huko kwetu haijali kwamba mvua zimeanza. Mgongo unaendeleaje? Na kile kikohozi kimeisha, au bado unakohoa nje ili Shangazi asisikie? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na jua la huku limenigeuza rangi hadi nikijitazama kwenye kioo namwona marehemu Mama alivyokuwa wakati wa mavuno.

Barua yako niliipokea Ijumaa, nikaisoma nimesimama palepale mlangoni pa posta. Umenipa habari za kigango, za ng'ombe wa Mzee Masanja walioingia kwenye mahindi ya Shangazi, na za wafanyabiashara wanaokuja na malori yao kununua mahindi kwa bei wanayoitaka wao. Kisha chini kabisa ukaandika: "Huyu binti Rehema anasema ulipoulizwa kama upangiwe nyumbani, ulikataa. Nimemwambia alisikia vibaya. Je, alisikia vibaya?"

Hapana, Baba. Alisikia vizuri.

Ulipowaambia watu wote wa kijiji chetu cha Pito kwamba mimi ndiye nitakuwa bibi shamba wao, sikukuzuia kwa sababu nami niliamini hivyo. Tangu bwana shamba wetu alipopunguzwa kazini na baiskeli yake ya Serikali ikarudishwa wilayani, ulikuwa ukisema nafasi yake inaningoja. Ulikataa kulikodisha shamba la bondeni ili nikija nilifanye shamba la kufundishia. Nilipokuambia kwamba siku hizi kumaliza chuo hakutoshi, lazima uombe na usailiwe, ulishangaa: "Serikali iwasomeshe yenyewe, halafu iwaulize mnajua nini?" Nilicheka sana siku ile.

Basi siku ya usaili tuliketi kwenye mabenchi ya korido, bahasha za vyeti mapajani. Rehema alikuwa kando yangu. Unamjua sasa: mtu wa Muheza, tulisoma naye chuo na kulala chumba kimoja. Mbele yetu alikaa kijana mmoja mwenye tai nyekundu, msemaji kweli.

"Dada, wewe wa wapi?" akaniuliza.

"Sumbawanga."

"Mama yangu! Kwa wachawi wa kutuma radi! Jamani, sogeeni huko, tusije tukapigwa humu ndani! Dada, ukikosa kazi usitukasirikie, eti. Sisi tumekuja kujaribu tu."

Benchi zima likacheka. Rehema akamwambia, "Wewe kaka, cheka tu. Ngoja wakupangie huko, utalia mpaka tai ilowe."

Akaitwa yeye kwanza. Alipotoka tai ilikuwa imelegea na utani umemwisha. "Wameniuliza nataka kituo gani," alisema. "Nikasema karibu na nyumbani, mzee wangu anaumwa. Wakatazamana. Nimekwisha, washikaji."

Rehema akaninong'oneza, "Umesikia? Usithubutu kutaja kwenu. Watasema umefuata mapishi ya nyumbani, hukufuata kazi."

Niliingia na maneno hayo kichwani. Waliniuliza juu ya udongo, juu ya ugonjwa wa milia wa mahindi, juu ya mkulima afanye nini sasa ruzuku ya mbolea imeondolewa. Nilijibu yote, Baba. Nilijibu vizuri. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa makamo yako, naye alifunga jalada langu, akavua miwani.

"Binti," alisema, "kule kwenu tuna nafasi. Kila tunayempangia haendi kuripoti. Wewe ni wa hukohuko. Tukikupeleka?"

Nimeirudia sauti yake mara nyingi tangu siku ile. Haikuwa na hila yoyote. Alikuwa mtu mwenye kazi isiyo na mfanyakazi, amempata mfanyakazi, anamuuliza. Lakini mimi sikumsikia yeye, nilimsikia kijana mwenye tai. Nikasema, "Mzee, niko tayari kufanya kazi popote. Si lazima kwetu. Kwa kweli ningependelea mahali pengine."

"Loo, hata mwenyewe anapakimbia!" alisema mama mmoja wa jopo. "Kumbe habari za radi ni za kweli."

Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Jibu langu naweza kulisamehe. Niliogopa kukosa kazi, na kazi tuliihitaji. Hata leo sijui kama yule kijana alikatwa kwa kutaja nyumbani kwao, au hata kama alikatwa kweli. Kicheko ndicho kinachonisumbua. Hakuna aliyenilazimisha kucheka. Nilipaona kwetu kwa macho yao, kwa kitambo kidogo tu, na nikapaona pa kuchekesha. Mzee peke yake hakucheka. Alivaa miwani yake na kuandika.

Majina yalipotoka, nilipangiwa Newala. Rehema naye alijibu "popote" kama alivyonishauri mimi, akapangiwa Sumbawanga. Alilia siku nzima. Mimi nilimbembeleza huku nikiona wivu, na sikuweza kumwambia mtu.

Huku nimejifunza mikorosho, ambayo nilikuwa nikiijua kwa picha za vitabuni. Nilifika wakati wa kupuliza salfa, unga unaochoma macho na kubaki kwenye nguo hata ukifua. Watu ni wema. Maji ni ya shida, kutuma mtu kisimani ni kumtuma safari. Nilipokwenda kwa Afisa Utumishi kuuliza habari za uhamisho, alinijibu, "Mama, kabla hujathibitishwa kazini hakuna kuhama, labda upate mwenzako wa kubadilishana naye kituo. Una mtu?"

"Ninaye mmoja, yuko Sumbawanga."

Akacheka mpaka akashika meza. "Huko radi, huku kiu. Haya, mshawishi."

Nikamshawishi, Baba. Nilimwandikia Rehema nikiisifu Newala kuliko inavyostahili. Nikampa habari za nazi, kwa kuwa najua kwamba yeye hali wali bila nazi. Habari za maji sikuandika. Nilikuwa na hakika kwamba ngurumo ya kwanza ya msimu itamtoa huko mbio, nami nirudi kwako kabla ya kupanda.

Jibu lake limefika pamoja na barua yako. Anasema ngurumo ile ilimkuta chumba cha kupanga, akaingia uvunguni mwa kitanda. Kesho yake mzee mmoja katekista akasikia habari hizo, akaenda kumchukua, akampa chumba cha binti yake na sweta la binti yake. Anasema mzee huyo alitembea na kuku mkononi hadi kwa jirani Mwislamu akachinjiwe, ili mgeni aweze kula kwa amani. Anasema amefundishwa kutengeneza ntumba, yaani kufukia majani kwenye matuta ya mviringo yaoze yawe mbolea, na kwamba wasiomudu mbolea ya dukani ndio anaowafundisha, katika shamba la bondeni ulilompa. Mwishoni ameandika: "Dada, nisamehe. Sibadilishani."

Niliposoma nilikukasirikia. Nilisema moyoni, Baba angempokea kwa ubaridi kidogo tu, ningekuwa njiani kurudi. Hasira hiyo ilinikaa usiku mmoja. Kisha nikajiuliza ni nyumba gani niliyokuwa nikiililia, kama si hiyo ambayo mgeni hachinjiwi kuku na mtu asiye wa dini yake.

Kwa hiyo usimwondoe kwa ajili yangu, wala usimwambie nilikuwa natarajia akimbie. Mwachie shamba la bondeni. Nikipata likizo nitakuja, nitapiga hodi, na nitalala kwa Shangazi.

Mpe Shangazi Yustina shikamoo yangu, na umwambie asigombane na Mzee Masanja, maana maziwa tunakunywa ya ng'ombe walewale. Mzee Masanja naye msalimie. Wasalimie waimbaji wa kigango, waniombee.

Lile sweta lina uzi uliofumuka bega la kushoto. Shangazi aliahidi kulishona nitakaporudi. Amshonee Rehema sasa.

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu nikiwa mbali,

Skolastika