Aliyehifadhi wa Mwisho

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo: presha ya Mama imeshuka, jino langu limenyamaza. Mgongo wako vipi? Bado wamekukalisha kwenye kile kiti kibovu huko masjala ya hospitali?

Nina shida na ile programu ya kutunza nywila uliyoniwekea kabla hujaondoka. Nikiweka nywila mpya asubuhi, mchana haipo. Sanduku zima la nywila linarudi lilivyokuwa wiki iliyopita. Na kwenye folda yetu ya mtandaoni zimeanza kuzaliana faili zenye majina marefu: "nakala yenye mgongano, Kompyuta ya Miwani". Ziko nne sasa.

Miwani ni yule mpiga picha niliyekuambia, aliyekaa kwenye meza yako hapa studio kwetu. Nimemuunganisha kwenye folda. Amebadilisha nywila ya baruapepe ya studio, maana ya zamani ilikuwa jina la paka. Pia ametuandikisha kwenye tovuti ya shule. Wanatafuta studio ya kupiga picha madarasa yote, mwaka mzima, na fomu inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Nywila zote mbili ni zile ndefu ambazo programu inazitunga yenyewe, hakuna binadamu wa kuzikumbuka. Zimo sandukuni, na sanduku ndilo hilo linalotuchezea.

Dada, tukipata kazi hii tutaachana na kupiga picha za pasipoti. Nisaidie.

Mdogo wako

---

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanihesabia umri. Mwambie Mama asiache dawa eti kwa kuwa presha imeshuka. Mwaka jana alifanya hivyohivyo.

Sasa sikiliza. Sanduku ni faili moja tu, na ukiongeza neno moja programu inaandika upya sanduku lote. Watu wawili wakihifadhi karibu kwa wakati mmoja, folda inaweka faili moja mahali pake, nyingine inaipa jina la kompyuta ilikotoka. Kwa hiyo funga programu huku kabla ya kuifungua kule. Subiri alama ya vema itokee kwenye folda ndipo uinuke. Kagua saa za kompyuta zote. Na hizo nakala zenye jina la Miwani ni takataka, zifute.

Ila dawa yenyewe ni kumtoa huyo. Tulipokuwa wawili sanduku halikuwahi hata kukohoa. Jina la paka limemkosea nini? Paka alikuwa wangu. Barua yako ya Januari ilikuwa na "Miwani kasema" tatu, ya Februari saba. Nimezihesabu, ndiyo. Nikimpigia Mama simu, naye ananiambia Miwani kaleta matunda, Miwani kamkata kucha. Mimi nilimkata kucha miaka kumi na moja, sikusikia tangazo. Haya, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini meza ile niliipaka vanishi kwa mkono wangu, na sikumbuki kusema kwamba siitaki tena.

Dada yako

---

Ijumaa, 7 Machi, saa saba mchana

Dada,

Shikamoo. Hali nitakuuliza siku nyingine.

Nilizifuta nakala zote kama ulivyosema. Saa nne tukafungua sanduku: nywila ya shule hamna, ya baruapepe hamna. Tulibahatisha mara tatu, tovuti ikatufungia mpaka Jumatatu. Miwani akachapisha fomu, akaenda nayo shuleni kwa miguu. Karani akamwambia wanapokea kwa mtandao tu. Saa sita imepita. Kazi imetuponyoka.

Hajanilaumu. Amekaa anafuta lenzi moja tangu arudi.

Nimekupigia mara tisa. Uko wapi?

Mdogo wako

---

Jumapili, 16 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama anauliza kama unaumwa. Nimemwambia kazi zimekuzidi, kwa hiyo nimeshadanganya kwa ajili yako.

Fundi wa kompyuta wa jirani amenionyesha kwamba folda ina historia. Inaandika faili ilihifadhiwa saa ngapi na kwa kifaa gani, na ukitaka unairudisha ya jana au ya juzi kwa kubonyeza mara mbili. Nimerudisha ya Jumatatu ile. Nywila zote mbili zimo. Zilikuwemo siku zote.

Halafu nikasoma majina. Jumatatu saa tatu na dakika nne, Kompyuta ya Miwani. Saa tatu na dakika tisa, Simu ya Dada. Jumanne vilevile. Jumatano, siku uliyoniandikia, Simu ya Dada mara tatu. Ijumaa saa mbili asubuhi, Simu ya Dada. Na hakuna hata nywila moja uliyoongeza. Ulikuwa unafanya nini humo?

Sijamwambia Miwani. Nimekuuliza wewe kwanza.

Mdogo wako

---

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa leo siistahili. Siumwi. Nina wivu.

Kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya lifti nilikuwa nafungua folda nione kama umeshafungua studio. Chini pameandikwa nani amehifadhi wa mwisho, nami nilipenda kuona jina lako hapo. Kisha likaanza kutokea lake. Sikulivumilia. Nikawa naingia sandukuni, naweka nafasi moja, naifuta, nahifadhi, ili jina la mwisho liwe langu. Sikutaka kingine chochote. Kumbe simu yangu ilikuwa inafungua nakala yake ya zamani, na kila nilipohifadhi nikawa nafuta kazi yenu.

Mwanzo sikujua. Jumatano nilijua, nilipokuwa nakueleza faili inavyofanya kazi. Badala ya kuandika kwamba ni mimi, nikaandika umtoe yeye, na Ijumaa asubuhi nikahifadhi tena. Na historia niliijua. Ijumaa niliiona simu yako inaita, nikailaza kifudifudi juu ya mafaili ya wagonjwa nikaendelea kupanga. Nilijua nikipokea nitakuelekeza pa kubonyeza, mtaipata kazi, nanyi mtaipata wawili bila mimi. Afadhali mkose. Ndivyo nilivyowaza, mdogo wangu, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Mwambie Miwani. Nimejitoa kwenye folda.

Dada yako

---

Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Yeye hajui lolote.

Nilimwambia Miwani. Jioni akasema angekuwa yeye asingekufungulia mlango tena. Simlaumu. Mimi mwenyewe kuna asubuhi naamka nimepoa, halafu nawaona watoto wa shule wakivuka barabara na sare zilizopigwa pasi, wanaelekea studio ya ng'ambo, hasira inaanza upya.

Nimekurudisha kwenye folda. Safari hii nimekupa ruhusa ya kusoma tu. Asubuhi utaona tumefungua, utaona nani amehifadhi na saa ngapi, lakini ukibonyeza hakitabadilika kitu. Miwani ameniuliza hiyo ruhusa ni ya mpaka lini.

Nimemwambia sijui.

Mdogo wako