Kijumba cha Sabaki

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu zako tumezipokea. Hapa Shella tu wazima, na goti la nyanya yako limepoa. Umeuliza kwa nini nakataa kijumba chetu cha mawe na chokaa kule shambani Sabaki kibomolewe.

Nilikuwa karani kijana, mwoga, nilipofuatana na mkubwa wangu wa kazi kukikagua. Barabara mpya ingepita pale, na nyumba isiyo na mtu ilikuwa ya kuvunjwa. Tangu babu yangu afariki, hakulala mtu mle.

Ilikuwa Ijumaa. Shangazi yangu alikuwa ndani, amekwisha kufagia, akifukiza udi kama kila Ijumaa.

"Viatu nje, bwana! Mkubwa mzima, adabu huna?"

Nikajua kazi yangu imekwisha. Lakini mkubwa alivua, akaingia, akasimama kwenye sakafu ile baridi.

"Anaishi nani hapa, mama?"

"Wazee wangu. Huoni nimewafagilia?"

Akacheka kidogo, kisha akanigeukia. "Nyumba hii ina watu. Tutapita kando."

Shangazi alipofariki, ufagio niliushika mimi. Ukija likizo, twende sote Ijumaa moja.

Akuombeaye kheri,
Babu yako